Kununua Siku za Upungufu

Liko swali ambalo watu wa Kigombe waliulizana sana mwaka 2020, barazani na ufukweni, nalo halikupata jibu, kwa kuwa sukari ilipopatikana tena watu waliacha kuuliza. Swali lenyewe ndilo hili: Mtu aliye na fedha zake za halali akiingia dukani siku za upungufu, akanunua sukari yote iliyobaki kwa bei aliyotajiwa, je, amemkosea mtu? Hakuiba. Hakumdanganya muuzaji. Hakumsukuma mtu wala kumtukana. Alilipa, akajitwika mzigo wake, akaenda zake. Tena nyumbani kwake kuna watoto. Yule aliyefika nyuma yake na kibakuli mkononi akakuta mzani mtupu. Basi, huyu wa nyuma ana neno gani juu ya yule wa mbele?

Wasomaji wengine watasema kwamba swali ni dogo. Mimi naona sivyo, na ndiyo sababu nimeomba nafasi katika ukurasa huu.

Kwanza tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umeenea ulimwenguni pote. Tarehe 16 mwezi huo huo mgonjwa wa kwanza wa nchi yetu alitangazwa, naye alikuwa Arusha, na siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa. Watu wetu hawakufungiwa majumbani kama ilivyokuwa kwa jirani zetu wa Uganda na Rwanda. Masoko, misikiti na makanisa yalibaki wazi. Kwa hiyo mtu wa mbali aweza kudhani ya kuwa sisi hatukuona taabu katika kununua. Lakini bidhaa haina kwao. Hutoka mbali, hupita mikono mingi, na mkono mmoja ukilegea njiani, duka la kijijini hubaki tupu.

Sukari ndiyo iliyotuonyesha jambo hili. Viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC husimama wakati wa masika, maana mvua huharibu njia za mashambani na miwa haitoki. Pengo la miezi ile huzibwa na sukari iletwayo kutoka ng'ambo, na mwaka 2020 sukari hiyo ilichelewa kwa sababu ya ugonjwa. Mwishoni mwa Aprili ukaingia mwezi wa Ramadhani, na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, wakahitaji sukari ya uji na ya chai ya kufuturia. Bei ikapanda, hata mahali pengine kilo moja ikafika shilingi 4,000, na Serikali ikatangaza bei elekezi kwa kila mkoa. Ndimu, tangawizi na vitunguu saumu navyo vikapanda, kwa sababu ya watu kujifukiza na kunywa. (Sisemi hapa kama mvuke wafaa au haufai, madaktari wamekwisha kusema yao.) Mwezi wa Mei Kenya ikafunga mpaka wake nasi isipokuwa kwa mizigo, na mizigo yenyewe ikakwama Horohoro na Namanga kwa mzozo wa kupimwa madereva. Tunda haliwezi kungoja mzozo uishe. Hivyo mahali pamoja chakula kilioza, na mahali pengine kilitafutwa.

Huko Uingereza na Australia, mwezi wa Machi mwaka ule, watu waligombania karatasi za chooni mpaka maduka yakapanga kiasi cha kumwuzia kila mtu. Habari hizi zilipofika kwetu watu walicheka sana, maana sisi twatumia maji. Lakini kicheko kile kilikwisha sukari ilipoadimika, na moyo wa mtu wa London ukaonekana si mgeni katika Wilaya ya Muheza.

Sasa nirudi kwenye swali. Mnunuzi wetu ajitetea kwa methali: akiba haiozi. Naye hasemi uongo. Sisi wenyewe tumewafundisha watoto wetu hivyo, na mzee asiyeweka kitu kwa ajili ya kesho huitwa mzembe. Huenda akaongeza habari ya Yusufu huko Misri, aliyejaza ghala kabla ya njaa. Lakini na tuangalie vizuri. Yusufu alikusanya katika miaka ya shibe, wakati ambapo nafaka aliyoichukua haikumpunguzia mtu mlo wa siku ile. Kuweka akiba wakati wa wingi ni kujinyima mwenyewe: mtu apunguza ulaji wake wa leo apate wa kesho. Kukusanya wakati wa upungufu ni jambo jingine kabisa, ijapokuwa mikono hufanya kazi ile ile na gunia ni lile lile, maana anayepunguziwa leo si mimi, ni mwingine. Tena msomaji asiyeishia katikati ataona kwamba hata habari ya Yusufu ina sehemu iliyo chungu: njaa ilipozidi, watu wa Misri walitoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, wapate nafaka iliyokuwa ghalani. Mwenye ghala siku ya njaa ana nguvu kuliko mwenye upanga, na haifai kulisahau neno hilo.

Lakini kiini cha mambo nakiona mahali pengine, katika desturi ya kununua yenyewe. Mwenye mshahara hununua kiroba cha kilo 25, akakiweka chumbani. Mvuvi, au mkata mkonge, au mama auzaye maandazi, hununua robo kilo, na mafuta ya kupima, na sabuni ya kukata kipande. Watu wenye elimu humcheka, wakisema kwamba kwa kununua kidogo kidogo hulipa zaidi. Ni kweli, hulipa zaidi. Lakini hana njia nyingine, kwa kuwa fedha yake huja kwa siku, nayo huondoka kwa siku. Huyu mtu ghala yake ni duka. Kila jioni huiacha huko sehemu yake ya kesho, kwa kuwa hawezi kuichukua leo. Hana hati ya kuonyesha kwamba kile kilichobaki ni chake, wala mimi sisemi kwamba ni chake kwa sheria. Lakini kijiji kizima chajua ya kuwa sukari ile iliyo dukani jioni ndiyo chai ya nyumba thelathini kesho asubuhi. Basi yeye aingiaye na fedha nyingi akaimaliza yote, ameingia katika ghala ya watu wasio na ghala nyingine. Alilipa, naam, lakini alimlipa mwenye duka, hakuwalipa wao.

Hapo ndipo lilipo neno la yule wa nyuma juu ya yule wa mbele. Siku za wingi neno hilo halipo, maana mzigo mwingine waja kesho, na mnunuzi wa gunia hamdhuru mtu. Kitendo kimoja chaweza kuwa halali mwezi wa Septemba na kuwa dhuluma mwezi wa Aprili, nasi hatuna budi kuuangalia mwezi.

Na mwenye duka je? Watu wengi humlaumu yeye peke yake. Mimi naona ahukumiwe kwa kiasi. Duka la kijijini halina mtaji mkubwa. Mfuko wa sukari ukiisha, atapanda gari kwenda Tanga kununua mwingine, na kama huko bei imepanda, naye akauza wa zamani kwa bei ya zamani, huenda fedha aliyoipata isitoshe kununua mfuko mpya. Basi kupandisha bei si dhambi kila mara. Martin Luther aliandika kitabu kidogo juu ya biashara mwaka 1524. Humo alikataa kabisa kanuni ya wafanyabiashara wa siku zake, waliosema kwamba mtu aweza kuuza ghali kadiri awezavyo. Naye aliwakemea hasa wale walionunua shehena yote ya bidhaa ili wawe peke yao sokoni. Lakini hakumnyima mwuzaji riziki. Alimpa ruhusa ahesabu gharama zake, na hatari, na taabu yake, akiipima taabu hiyo kwa ujira wa kibarua wa kawaida. Kipimo hiki chafaa mpaka leo. Mwenye duka aliyeongeza nauli na bei ya Tanga hana kosa. Yule aliyezificha sukari chini ya mvungu, akawaambia watu imekwisha, akingoja bei ipande tena, huyo hauzi sukari. Auza hofu ya watu.

Dola zimejaribu kutibu ugonjwa huu kwa amri. Machi 2020 Rwanda ilitangaza bei za vyakula 17. Katika mwezi huo huo duka moja kubwa la Kenya liliamriwa kuwarudishia wanunuzi fedha walizozidishiwa katika dawa ya kutakasa mikono. Sisi tulio watu wazima twakumbuka, au tumesimuliwa na wazazi wetu, mwaka 1983, walanguzi waliposakwa nchi nzima. Wako walioogopa kukamatwa hata wakazitupa bidhaa usiku, na madukani vitu havikuongezeka kwa sababu hiyo. Sineni kwamba amri haifai. Bei elekezi humpa mnyonge neno la kusema mbele ya mwuzaji, na huo ni msaada. Lakini amri huishia kwenye meza ya muuzaji. Haiingii katika kapu la mnunuzi kumwuliza nyumba yake ina watu wangapi. Na upungufu hautaki ugonjwa ili urudi: Januari 2024 mvua za El Niño zilizuia miwa, sukari ikaadimika tena, bei elekezi ikatangazwa tena, na watu wakanunua vile vile kama walivyonunua mwaka 2020.

Nimewasikia watu wakisema kwamba fikira hizi ni za kitabuni, na kwamba mali ni mali, mwenye nacho afanye apendavyo. Nawajibu kwa desturi ya Kigombe yenyewe. Chombo kikija pwani, wale waliosaidia kukivuta hawarudi mikono mitupu. Hupewa kitoweo kabla samaki hawajapelekwa mnadani. Hakuna anayeona kwamba nahodha ameibiwa. Watu husema kwamba samaki wametoka baharini, na bahari ni ya wote, bali sukari imenunuliwa kwa mtaji. Lakini chombo nacho kimenunuliwa kwa mtaji, na nyavu, na mashine, na mafuta yake. Tena mvuvi huhatarisha roho yake, jambo ambalo mnunuzi wa sukari hakulifanya. Kama nahodha, baada ya hayo yote, aweza kuona fungu la mtu mwingine ndani ya samaki wake, sioni sababu ya macho hayo hayo kufumba mlangoni pa duka.

Wengine wataka kiasi: ni kilo ngapi zilizo halali? Mimi siwezi kutaja kilo. Nyumba ya watu kumi si nyumba ya watu watatu, na mwenye matanga ana wageni asiowaita. Labda kipimo cha karibu ni hiki, kwamba mtu anunue kinachomfikisha hadi siku mzigo mwingine unapotazamiwa, wala asinunue cha kumfikisha mpaka hofu yake itulie, maana hofu haina kipimo.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ni zito kuliko yote niliyoyataja. Watu hudhani kwamba haki ya dukani imetimia kama aliyefika kwanza amehudumiwa kwanza. Katika siku za afya desturi hii ni njema, nami sina ugomvi nayo. Lakini mwaka 2020 tuliwaambia watu wote, makanisani na misikitini, kwamba mwenye homa na kikohozi akae nyumbani kwake asije akawaambukiza wenzake. Wako waliotii. Mtu aliyetii hakufika kwanza, hakufika kabisa. Alizuia miguu yake kwa ajili yetu, na sisi, tulio wazima kwa sababu yake, tukamtangulia dukani. Katika nchi nyingine maduka yalitenga saa ya kwanza ya asubuhi kwa wazee na wadhaifu. Kwetu hakuna saa kama hiyo. Kuna mtoto aliyetumwa kutoka nyumba yenye mgonjwa, amesimama mbali kidogo kama alivyoagizwa, noti ameikunja mkononi, na watu wazima wampita.