Lala Chini, Kisha Ukimbie

Kama umekulia Kericho ama Bomet, mvua ya mawe si habari. Saa nane jua linawaka, saa tisa wingu jeusi limeshuka, na ghafla mabati yanapigwa hadi humsikii aliye kando yako. Nusu saa tu, na majani ambayo yangechunwa wiki hiyo yamechanika, yako chini. Miaka ya 1960 watafiti walijaribu hata kurusha roketi zenye baruti kwenye mawingu ya Kericho ili kuokoa chai. Yaani kwetu tumewahi kulipua mbingu.

Kugo, babu yangu, alikuwa Keya. Alienda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikinyesha, matope mpaka magotini, Wajapani wakirudi nyuma huku wakipigana. Desemba mwaka huo divisheni ilivuka mto Chindwin. Kugo hakupenda kusimulia mambo ya vita. Lakini mawe yakianza kugonga mabati, alianza kuongea, na hadithi ilikuwa moja tu.

Walikuwa wanatembea kwa mstari. Kombora la kwanza lilianguka mbele yao, la pili nyuma. Waliozoea walielewa: tunapimwa. Mpiga mizinga mara nyingi hakuoni. Kuna mwenzake mahali, pengine juu ya kilima, anayemwambia ongeza, punguza. Makombora ya kwanza ni swali: mko wapi? Yanayofuata ndiyo jibu.

Ndiyo maana askari wa miguu hufundishwa mambo mawili yanayoonekana kupingana. Ukisikia linakuja, lala chini hapo hapo, kwa sababu vipande vya chuma huruka kwenda juu na pembeni. Halafu kiongozi akitaja upande na umbali, inuka ukimbie, mtoke wote pale. Anayebaki amelala kwa sababu ardhi imemfariji amebaki mahali ambapo mzinga umeshapata vipimo. Kama mko kwenye handaki lenye paa, hiyo ni hesabu nyingine, mnabaki. Lakini njiani, bila handaki, kukaa ni kungoja.

Sasa fikiria kijana wa Kipsigis wa enzi zile. Ujasiri alifundishwa jandoni: kisu kinapita, wewe usipepese jicho. Mwanaume ni yule asiyetikisika. Kisha jeshi linamwambia alale kifudifudi, mdomo kwenye matope, halafu akimbie. Adui hamwoni, na bunduki yake haina kazi kwa mtu aliye nyuma ya kilima. Kugo alisema aibu ilimuuma kuliko hofu, mpaka alipoona sajini wake, mtu aliyemheshimu sana, ndiye wa kwanza kulala. Hapo akaelewa kwamba kumbe ujasiri si pozi.

Sajini akapiga kelele: kulia, kwenye kijito, kimbieni! Wote waliinuka isipokuwa mmoja, rafiki yake Kugo kutoka upande wa Sotik. Alikuwa ameshika mizizi ya nyasi kwa mikono miwili. Kugo alimwita mara mbili, akamvuta shati. Hakusonga. Kugo akakimbia. Makombora yakaja.

Je, alikosea?

Jibu rahisi ni hapana. Angebaki, wangekufa wawili, na hakuna rafiki mwenye haki ya kukudai kifo ili asife peke yake. Mimi nalikubali jibu hilo. Shida yangu ni kwamba halielezi kwa nini mzee aliendelea kuisimulia mpaka uzeeni. Binamu yangu anasema hiyo ni trauma tu, angepelekwa kwa mshauri. Labda. Lakini kuita kila uchungu ugonjwa ni kama kusema hakukuwa na mtu pale chini.

Mwanafalsafa Mwingereza, Bernard Williams, aliandika kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake. Tutamwambia si kosa lako, na tutakuwa tumesema kweli. Ila akijibu, “Sawa basi,” akawasha gari na kwenda zake, tutamshangaa. Kuna majuto yasiyo ya hatia, na mtu mzima huyabeba.

Nadhani pia amri yenyewe inabeba kitu tunachokisahau. Haisemi “nitoke.” Inasema “tutoke.” Kumvuta mwenzako shati si kuvunja amri, ni kuitii. Kubaki ukibishana naye ndiko kuivunja. Mpaka uko katikati, na ni sekunde chache sana.

Nilikumbuka haya baada ya 25 Juni 2024, Nairobi. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa mtaani, ama tulikuwa na mtu mtaani. Kuna beshte yangu alikimbia risasi zilipolia, akamwacha waliyekuja naye. Huyo mwenzake alipona, ila mguu si ule tena. Mpaka leo beshte yangu hapokei simu zake. Anasema atamwambia nini?

Niliwahi kumuuliza Kugo kama leo angebaki. Akasema, “Hapana.” Akanyamaza kidogo. “Lakini ningemvuta tena mara moja.”

Na aliporudi kutoka vitani, kabla hajalala nyumbani kwao, alipitia kwanza upande wa Sotik. Aliwaambia wazazi wa rafiki yake kila kitu, hata kwamba alikimbia. Baba mtu hakusema neno. Mama alimletea mursik. Tangu hapo, mpaka wazee wale walipofariki, kila mwaka alienda kuwasaidia kulima.

Amri ya kukimbia inaisha ukifika kijitoni. Baada ya hapo kuna kazi nyingine, na hiyo haina sajini wa kukupigia kelele. Beshte, pokea simu.