Waya wa Chaja Uliochakaa na Wajibu wa Muuzaji

Waya mweupe wa chaja ya kompyuta mpakato hugeuka manjano kwa jua, joto na mafuta ya mikono. Rangi hiyo peke yake si hatari. Hatari ni weusi wa kuungua karibu na kichwa cha waya, ambako nyuzi za shaba hukatika kwa kukunjwa mara kwa mara.

Je, anayeuza chaja iliyotumika pale Chamazi, Temeke, anaruhusiwa kufunika weusi huo kwa tepu na kunyamaza? Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, inakataza. Muuzaji analazimika kutaja kasoro aijuayo. Mnunuzi aliyefichwa kasoro hiyo ana haki ya kuirudisha bidhaa. Mauziano husimama juu ya ridhaa, na asiyejua anunuacho hajaridhia. Unafuu wa bei hauhalalishi ukimya.