Je, Anayeiacha Timu Yake ni Yuda?



Juma la kwanza la mwezi huu nilikosa mbele ya macho yenu, na kwa kuwa nilikosa mbele ya wengi, yafaa niungame mbele ya wengi. Ninyi mliokuwako katika uwanja wa nyuma ya shule mlisikia. Kijana mmoja wa timu yetu, mkatekumeni wa mwaka wa pili, alikuja kuniambia kwamba timu moja ya mjini imemwandikia barua. Wanamwita akacheze kwao, watampa chumba, chakula na mshahara mdogo wa kila mwezi. Mechi yetu ya mwisho, ya kupambana na misioni jirani, ilikuwa bado majuma mawili. Nami, badala ya kumsikiliza, nikapaza sauti nikamwita Yuda. Watoto wadogo wakacheka, na tangu siku ile wanamwita hivyo njiani na kisimani.

Usiku ule sikulala vema. Jina la Yuda si jiwe la kufukuzia mbuzi. Tena mimi ndimi niliyewafundisha habari za Yuda; watoto wakilitumia jina hilo vibaya, wamejifunza kwangu. Basi natafuta pamoja nanyi: mchezaji akiiacha timu iliyomlea ili aende penye malipo makubwa zaidi, ametenda dhambi gani, kama ametenda?

Tuanze karibu na kwetu. Mwajua timu ya TP Mazembe ya Lubumbashi. Wengi wenu mnavaa mashati yenye rangi zake nyeusi na nyeupe, hata kama hamjafika Lubumbashi. Lakini je, mwajua ya kuwa timu hiyo ilizaliwa mikononi mwa watawa? Mwaka 1939 Wabenedikto waliokuwa na shule mjini Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa zamani zile, waliwaundia wanafunzi wao timu ya mpira, wakaipa jina la Mtakatifu Georges. Baadaye timu ikatoka mikononi mwa watawa, ikachukua jina la Englebert, nalo ni jina la kiwanda cha matairi. Nasema hayo kwa kutabasamu kidogo: timu iliacha jina la mtakatifu, ikavaa jina la matairi, na hakuna mtu aliyeiita Yuda. Twamhukumu upesi mchezaji anayebadili shati, lakini timu ikibadili jina twaiimbia jina jipya.

Mwezi wa Novemba 2015, Mazembe hiyo ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika kwa kuishinda USM Alger ya Algeria. Katika timu ile walikuwamo watu wawili ambao nataka muwatazame vizuri.

Wa kwanza ni kipa Robert Kidiaba. Mnamkumbuka kwa mchezo wake wa kuruka-ruka akiwa ameketi chini kila timu yake ilipofunga. Aliingia Mazembe mwaka 2002, akakaa mpaka 2015. Alikuwa langoni mwaka 2010 Mazembe ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Siku ile Inter ya Milano iliwafunga magoli 3 kwa 0. Miaka mitano baadaye, akiwa mtu wa miaka 39, alikuwa angali langoni pale pale, akapokea kombe la Afrika mara nyingine.

Wa pili ni Mbwana Samatta, mtoto wa Dar es Salaam. Alitoka Simba ya kwao mwaka 2011, akaja Lubumbashi akiwa kijana wa miaka 18. Akakaa miaka minne na zaidi. Katika fainali ile ya 2015 alifunga goli katika mechi zote mbili, ile ya Alger na ile ya Lubumbashi. Mwezi wa Januari 2016, huko Abuja, alitangazwa kuwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza barani Afrika, na aliyemfuata nyuma yake alikuwa Kidiaba mwenyewe. Mwezi ule ule Samatta akaondoka, akaenda Genk ya Ubelgiji. Mwaka 2019 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji naye akiwa mfungaji wake mkubwa, na mwaka 2020 akavuka bahari mpaka Uingereza, kwa Aston Villa.

Niliwauliza wanafunzi wangu wa darasa la sita: kati ya hawa wawili, nani mwaminifu? Wote wakajibu kwa sauti moja: Kidiaba! Nikauliza tena: na Samatta aliiba nini? Wakanyamaza. Mwisho mmoja akasema, “Mwalimu, hakuiba kitu. Alileta kombe, ndipo akaaga.”

Mtoto yule alinishinda mimi mwalimu wake. Kidiaba alibaki, na kubaki kwake ni kuzuri. Hata hivyo tusidanganyane: Mazembe ya miaka ile haikuwa timu ya maskini, na aliyebaki hakubaki kwa njaa. Kuna mtu anayebaki kwa upendo, na kuna anayebaki kwa woga, au kwa sababu hakuna aliyemwita. Yule mtumishi wa mfano wa talanta, aliyechimba shimo akafukia fedha ya bwana wake, naye alibaki palepale. Hakwenda popote. Bwana wake hakumsifu kwa sababu hiyo.

Tazameni tena wavuvi wa Galilaya. Yakobo na Yoane waliitwa wakiwa ndani ya mashua wakitengeneza nyavu pamoja na baba yao Zebedeo. Wakaondoka siku ile ile. Hapo Marko Mtakatifu anaongeza neno dogo ambalo huwa twalipita mbio: baba yao alibaki pamoja na watu wa kazi. Mzee hakuachwa peke yake na mashua na nyavu zilizochanika. Sisemi kwamba kuitwa na Yezu na kuitwa na timu ya mjini ni kitu kimoja. Anayesema hivyo anakufuru. Nasema tu kwamba kuondoka si dhambi kwa kuwa ni kuondoka. Lazima tuulize kilichoachwa nyuma kimeachwa katika hali gani.

Sasa turudi kwa Yuda. Dhambi yake ilikuwa nini? Ninyi mtajibu: vipande thelathini vya fedha. Ni kweli, lakini fikirini zaidi. Wangapi walimwacha Yezu katika Injili? Yule kijana tajiri alikwenda zake kwa huzuni. Wafuasi wengi walirudi nyuma waliposikia habari za mkate wa uzima. Usiku wa Getsemani mitume wote walikimbia. Hakuna hata mmoja wa hao ambaye jina lake limekuwa tusi. Yuda peke yake alikuja karibu, akambusu Bwana shavuni, na wakati wa kumbusu alikuwa amekwisha kumwuza. Busu lile ndilo linalotutisha. Alionyesha upendo kwa midomo, na bei imo mfukoni.

Katika mpira wa siku hizi busu hilo laonekana kila Jumapili. Mchezaji akifunga goli hushika alama ya timu iliyo kifuani, akaibusu mbele ya watu maelfu. Watu wanalia kwa furaha. Wengine wanabusu kwa moyo safi kabisa. Lakini anayebusu hivyo huku akijua kwamba ameahidi kwenda mahali pengine, huyo na aogope.

Nitawapa mfano wa Hispania. Luis Figo, mtu wa Ureno, alicheza Barcelona tangu 1995, na watu wa mji ule walimpenda mno. Mwaka 2000 uvumi ulienea kwamba anakwenda Real Madrid, adui wao wa siku zote. Katika gazeti aliwatuliza watu kwamba atabaki. Lakini mtu mmoja aliyetaka kuchaguliwa kuwa mkuu wa Real Madrid alikuwa amewaahidi wapiga kura wake kumleta Figo, tena alikwisha kupatana na wakala wake. Mtu yule akachaguliwa, na Figo akaenda, kwa malipo ya euro milioni 60 na kidogo, kiasi ambacho hakijalipwa bado kwa mchezaji yeyote mpaka siku ile. Aliporudi Barcelona na shati jeupe walimwita Yuda, wakamzomea hata masikio yakauma, na mwaka 2002 mmoja wao alitupa uwanjani kichwa cha nguruwe.

Mimi sikubali kichwa cha nguruwe. Anayekitupa hana haki zaidi kuliko anayekimbilia fedha. Lakini nafahamu uchungu wao. Kama angaliwaambia mapema, “Nimeitwa, nafikiri kwenda,” wangalikasirika, wangalilia, kisha miaka ingalipita. Kilichowachoma ni kwamba walitulizwa.

Msidhani pia kwamba wenye timu ni wasafi siku zote. Zamani huko Ulaya mchezaji alifungwa na timu yake hata baada ya mkataba wake kwisha. Mwaka 1990 mchezaji mmoja wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, alimaliza mkataba wake na timu ya RFC Liège. Wakamtolea mkataba mpya wa robo tu ya mshahara wake wa zamani. Akakataa, akataka kwenda Dunkerque katika Ufaransa. Liège ikazuia, kwa kuwa haikuamini ya kwamba malipo iliyotaka yatapatikana. Mtu alikaa hivyo, hana mkataba wala ruhusa ya kwenda. Akapeleka shauri mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya nchi za Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji ni huru. Tangu siku hiyo wachezaji wengi wametajirika kwa njia aliyoifungua. Yeye mwenyewe aliishia katika umaskini na ulevi, na wachache waliotajirika walimkumbuka. Basi uaminifu una pande mbili. Timu inayomwita mchezaji “mwana wetu” huku ikimshika kama mbuzi wa kuuza sokoni, hiyo nayo yambusu kwa busu la Yuda.

Narudi kwa kijana wetu. Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa mama yake jioni, nikaomba radhi mbele ya mama na mbele ya mjomba wake. Mama aliniletea kiti, hakusema neno. Kijana alikuwa ameinama akiangalia viatu vyake vya mpira, na viatu hivyo mwajua vilipatikanaje: msimu uliopita kila nyumba ilitoa beseni moja la mahindi, tukauza, tukanunua jozi kumi na moja. Tulipokuwa tumenyamaza akasema, “Mwalimu, wewe umekosa, lakini hukusema uongo wote. Siku niliyofunga magoli mawili nikabusu shati letu mbele ya wote, barua ya mjini nilikuwa nayo katika soksi.”

Nikamwuliza, “Na ulipokuwa ukibusu, ulikuwa umekwisha kukubali?”

Akasema, “Nilikuwa nimekwisha, moyoni. Na kwa wenzangu nilikuwa nimeahidi kucheza mpaka mechi ya mwisho.”

Sikumwambia nenda, wala sikumwambia baki. Mama yake ni mjane, na mshahara ule mdogo ungeweza kuwalipia ndugu zake wadogo masomo. Nani mimi nimzuie? Nilimwambia mambo mawili tu. Kwanza, awaambie wenzake ukweli wote, na habari ya soksi pia. Pili, ahadi aliyoitoa ni yake, na hakuna awezaye kuitimiza mahali pake. Mjomba akakasirika sana. Akasema kwamba watu wa mjini hawangoji, wana vijana kumi mlangoni, na kwamba mimi nataka kuwanyang'anya bahati yao kwa ajili ya mechi ya watoto wa misioni. Naye hakukosa kabisa. Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Kijana mwenyewe aliandika barua mjini akaomba majuma mawili. Akaitoa kwa dereva wa lori la mihogo. Kisha akawaita wenzake chini ya mwembe wa shule, akawaeleza. Wawili walimgeuzia mgongo. Wengine walikaa.

Jumamosi alicheza. Alikimbia kama mtu anayelipa deni, akafunga goli moja, na hakubusu kitu. Alirudi katikati ya uwanja kimya. Tulishindwa magoli 2 kwa 1. Jioni alileta shati na viatu kwangu, vimefuliwa, kamba zimefungwa vizuri, akasema viatu vitamfaa yule mdogo wa darasa la sita, mradi atie kitambaa kidogo mbele kwenye vidole.

Lori halijarudi bado. Hatujui kama nafasi yake ingalipo au wamemchukua mwingine. Barua yangu kwa padri wa parokia ya mjini, ya kumjulisha kwamba huyu ni mkatekumeni wa mwaka wa pili, kwamba amesoma vema sala na amri, na kwamba aendelee kule mpaka batizo, nimekwisha kuiandika. Nimeiweka katika katekisimu yangu, na kila asubuhi kijana hupita shuleni kuuliza kama nimesikia mlio wa lori barabarani.