Usafiri ukikatika, hasara abebe nani?

IJUMAA ya Aprili 10, 2015, wakazi wa Dar es Salaam waliamka na kukuta vituo vimejaa watu na barabara hazina mabasi. Madereva walikuwa wamegoma nchi nzima. Mabasi ya mikoani yalibaki Ubungo, daladala zikapaki, na watu wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Kimara wakaanza safari ya miguu kuelekea mjini. Bodaboda na bajaji zikapandisha bei. Magari ya mizigo yakapakia watu kama magunia. Serikali ilitoa ahadi, mgomo ukasitishwa siku ile ile. Lakini Mei 4 mwaka huo huo madereva wakagoma tena.

Siku zile kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Abiria alimlaumu dereva, dereva akailaumu serikali na tajiri wake, na tajiri akalaumu kodi na faini. Sikusudii kufufua ugomvi huo. Nataka tujiulize swali ambalo katika kelele zile halikupata nafasi: usafiri unapokatika ghafla, ile hasara inayopatikana ni nani anayepaswa kuibeba?

Ndugu msomaji, swali hili halikwisha mwaka 2015. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi Mei 2016, Mto Msimbazi umefurika pale Jangwani mara kadhaa na huduma ikasitishwa. Mwaka 2020, wakati wa corona, daladala zilitakiwa kubeba abiria waliokaa tu, na maelfu wakawa wanaachwa vituoni. Ndugu zetu wa Kigamboni nao wanajua maana ya kufika Magogoni ukakuta kivuko kimeharibika. Na hata siku isiyo na mafuriko wala mgomo, mtu wa Chamazi au Bunju hana uhakika kwamba gari aliyopanda itamfikisha ilikoandikwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo tumezoea kuyachanganya. Mvua ni kadari ya Mwenyezi Mungu (s.w.). Injini kufa njiani, ikiwa gari ilitunzwa, nayo ni kadari. Lakini nani alipe nauli mara mbili, nani akatwe mshahara na nani alale na njaa kwa sababu ya mvua ile, hilo linatokana na namna sisi wanadamu tulivyopanga mambo yetu. Na tukiangalia tulivyoyapanga, tutaona hasara hutembea kama maji ya mvua. Huteremka. Mwenye gari humtelemshia dereva, dereva humtelemshia abiria, na abiria mwenye uwezo huchukua teksi akaenda zake. Inapoishia ni kwa mama muuza mihogo, kwa kibarua wa kutwa na kwa mwanafunzi.

Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari huku Temeke. Siku moja tulikuwa katika mada ya uchumi, tukizungumzia aya za mwanzo za Suratul Mutaffifin, zinazowatishia adhabu wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wao hupunguza. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono.

"Ustadhi, jana tulipanda gari imeandikwa Rangi Tatu. Konda akachukua nauli yote, tulipofika Mtoni kwa Aziz Ali akasema gari inageuza, tushuke. Ile nauli ni halali yake?"

Darasa zima likacheka, kwa sababu hakuna ambaye hakuwahi kushushwa namna hiyo. Lakini swali lile halikuwa la kuchekesha. Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo aya yenyewe tunayoisoma."

Tumezoea kudhani kwamba kupunja kipimo ni kazi ya muuza sukari na muuza mkaa. Konda aliyechukua nauli ya kutoka Kariakoo hadi Rangi Tatu akakushusha Mtoni, yeye amekupimia nini? Amepokea kamili, ametoa pungufu. Tofauti yake na muuza sukari ni kwamba huyu kibaba chake ni kilometa. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inaamrisha waumini watimize mikataba. Kibao cha mbele ya gari ni ahadi, na nauli iliyopokelewa ni mkataba uliofungwa, ingawa hakuna karatasi iliyosainiwa. Akikatisha ruti kwa hiari yake, alichokula kwa ile sehemu ya safari asiyoitimiza ni mali ya watu. Ni wajibu wake airudishe kabla abiria hajaidai.

Sasa, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa nini dereva anakatisha ruti? Watu wengi watasema ni uhuni tu. Uhuni upo, lakini tuangalie na mfumo. Madereva wengi wa daladala hawana mshahara. Mwenye gari anamkabidhi gari alfajiri, na usiku anataka hesabu yake, kiasi kilichopangwa, iwe kulikuwa na foleni au hapakuwa, iwe mvua au jua. Mafuta yanatoka humo humo, posho ya konda humo humo, na mara nyingi hata faini ya trafiki. Kinachobaki ndicho anachopeleka nyumbani. Mtafiti Matteo Rizzo, ambaye kitabu chake juu ya usafiri wa Dar es Salaam kilitoka mwaka 2017, ameeleza kwa kirefu jinsi watu hawa wanavyofanya kazi bila mikataba na jinsi hesabu ya kila siku inavyowasukuma kukimbizana na kujaza watu. Na kumbukeni kwamba katika migomo ile ya 2015, pamoja na suala la kulazimishwa kwenda kusoma kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, kilio kikubwa cha madereva kilikuwa mikataba ya ajira.

Hapa ipo kanuni ambayo wanafunzi wa fiqhi wanaifahamu, iliyochukuliwa katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (r.a.) katika Sunan Abi Daud, kwamba mapato humfuata yule anayebeba dhamana. Kwa lugha ya mtaani, anayetaka faida akubali na hasara. Mwenye gari ambaye hesabu yake haipungui hata shilingi siku ambayo Jangwani imejaa maji, amejitengea faida isiyojua mvua. Mvua yote amemwachia dereva.

Mwenye gari atajitetea, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema: mimi nimemkodisha gari, na kukodisha ni halali. Ni kweli, ijara ni halali. Lakini mafakihi wanasema kilichokodishwa kisipoweza kutoa manufaa yake kwa sababu isiyo ya mkodishwaji, kodi ya muda ule huanguka. Basi siku barabara imefungwa, kodi nayo ifungwe. Na kama atasema huyu ni mwajiriwa wangu, namwamuru na namfukuza nitakavyo, basi amlipe ujira wake, Mtume (s.a.w.) ametuusia tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Asilolipata ni kuwa bosi asubuhi anapotoa amri, na mkodishaji usiku anapopokea fedha.

Je, hayo yanahalalisha mgomo? Naona tutofautishe. Dereva aliyedhulumiwa ana haki ya kukataa kazi isiyo na mkataba, na akitangaza mapema ili watu wajipange, hajamvunjia mtu ahadi. Lakini yule aliyewapakia watu, akapokea nauli, kisha akawashusha katikati ya njia ili kilio chake kisikike, ameichukua dhuluma aliyofanyiwa akamtwisha asiyehusika. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Mwenye kosa na dereva ni tajiri wake au mtunga kanuni, siyo bibi anayekwenda kliniki Temeke.

Tuje kwa wenye bodaboda na bajaji. Vijana hawa husema, "Bei ni soko. Hukulazimishwa." Na wajuzi kidogo miongoni mwao watakukumbusha kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei naye akakataa, kwa kuchelea asimdhulumu mtu. Hadithi hiyo ni sahihi na imo kwa Abu Daud na Tirmidhi. Lakini Ibn Taymiyya, katika risala yake juu ya hisba, aliieleza vizuri. Kama bei imepanda kwa sababu bidhaa ni chache au watu ni wengi, na wauzaji wanauza kwa kawaida bila dhuluma, kuwalazimisha bei ni kuwadhulumu. Lakini kama watu wamekuwa na dharura ya kitu, na mwenye nacho anakizuia mpaka alipwe zaidi ya thamani yake, hapo mtawala anaweza kumlazimisha auze kwa bei ya mfano, yaani bei ambayo kitu kile huuzwa siku zote.

Kwa hiyo kijana aliyepita njia ndefu ya vumbi kukwepa maji, akachoma mafuta zaidi na kupoteza muda zaidi, akiongeza nauli hana lawama. Ameuza safari ndefu kwa bei ya safari ndefu. Lakini yule anayemtazama mama mwenye mtoto mgonjwa, akaona jua linazama na hakuna gari, kisha akataja bei mara nne kwa njia ile ile ya jana, huyo hauzi safari. Anauza dhiki ya mama yule. Dhiki haikuwa mali yake hata aiuze.

Na sisi wenye magari madogo je? Imam Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kwamba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), akaja mtu akiwa juu ya mnyama wake, akawa anaangaza macho kulia na kushoto. Mtume (s.a.w.) akasema mwenye kipando cha ziada ampe asiyekuwa nacho, kisha akaendelea kutaja aina za mali, mpaka Maswahaba wakadhani hakuna mwenye haki na cha ziada. Angalieni, mfano wa kwanza aliouanza ni usafiri. Leo magari mangapi hupita Barabara ya Kilwa na ya Bagamoyo na mtu mmoja ndani, viti vinne vitupu, vioo vimefungwa, huku kituoni wamesimama majirani tunaosali nao safu moja? Najua hofu za mjini, wapo wezi na matapeli. Lakini jirani unamjua, na mwanafunzi mwenye sare ya shule ya mtaani kwenu unamjua.

Waajiri na sisi walimu nasi tumo. Siku usafiri umekatika mji mzima, taarifa iko redioni, kibarua anafika saa nne jasho linamtoka, anaambiwa siku yake imeshafutwa. Mwanafunzi aliyetoka Chamazi saa kumi na moja alfajiri, makonda wakamkataa kwa sababu nauli yake ni ndogo, anafika shuleni anakuta fimbo getini. Huyu ameadhibiwa mara mbili, kwanza na konda, pili na mlinzi wa nidhamu. Adhabu ni ya mwenye kosa. Ambaye hakuwa na njia ya kuliepuka hana kosa.

Abiria naye asijione msafi. Kuna mwenye kupita dirishani huku mjamzito anasukumwa mlangoni. Wapo wanaorusha mawe na kuvunja vioo vya basi ambalo kesho watalihitaji wao wenyewe. Hapa ndipo mahali pa subira. Lakini subira nayo tuiweke mahali pake. Wakubwa wengi, huduma ikikatika, hutuambia, "Wananchi, kuweni na subira." Subira ni ibada ya aliyefikwa na jambo, anaiambia nafsi yake. Mdaiwa hana haki ya kumsomea mdai fadhila za subira badala ya kulipa deni.

Na wenye deni kubwa zaidi ni wenye mamlaka. Mji huu ulikuwa na shirika la UDA tangu 1974. Liliposhindwa kuwatosheleza watu, mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa, zikaja daladala, zilizopewa jina la sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Ilipoanza mwendokasi, daladala zikaondolewa njia kuu ya Morogoro. Huenda uamuzi ulikuwa na maslahi. Lakini aliyeufunga mlango wa pili amejitwisha dhamana ya kuhakikisha wa kwanza haufungi. Na ukifunga, awe ameshaandaa magari ya dharura, ametangaza mapema, na amemrudishia nauli aliyekwishakata tiketi. Hiyo siyo hisani. Mapato humfuata mwenye dhamana, na dhamana humfuata mwenye mapato.

Ndugu msomaji, mvua zitanyesha tena, injini zitakufa, na huenda migomo ikatokea. Hayo hatuna uwezo wa kuyazuia yote. Tulicho na uwezo nacho ni kila mmoja kushika sehemu yake ya hasara pale alipo, asimsukumie aliye chini yake: tajiri apunguze hesabu, konda arudishe nauli, mwenye bodaboda ataje bei ya siku zote, mwenye gari afungue mlango, mwalimu aweke fimbo chini. Hasara ikigawanywa hivyo, haitamzamisha mtu. Ikiachwa iteremke, itaendelea kumkuta yule yule aliyesimama kituoni, asiye na wa kumtelemshia.

Wallahu a'lam.