Nani Ashike Daftari la Mishahara?

Kando ya barabara inayoshuka kutoka Luzira hadi bandari ya Port Bell kuna kliniki ndogo za watu binafsi. Wanaotibiwa humo ni wavuvi, wachuuzi, madereva wa malori na watoto wao. Kliniki ya namna hiyo inapoanza, daktari mwenyewe hulipa mishahara kwa mkono wake. Wafanyakazi wakifika kumi na kitu, kazi hiyo humshinda, naye hutafuta wa kumsaidia. Hapo huzuka swali linaloonekana kuwa la uajiri tu, lakini kwa maoni yangu ni la maadili: amchukue mpwa wake anayemwamini, au mgeni mwenye stashahada ya uhasibu?

Wengi watasema mpwa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Cheti hakithibitishi uaminifu. Mgeni akiiba anaweza kuhamia mji mwingine, ilhali mpwa ataonana na mjomba wake kila sikukuu na kila msiba. Aibu mbele ya ukoo huwazuia watu wengi kuliko polisi.

Hata hivyo, hoja hiyo inauliza jambo moja tu: je, fedha za mwenye kliniki zitakuwa salama? Haiulizi lolote kuhusu fedha za muuguzi. Nchini Uganda, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na mwajiri huongeza asilimia 10. Jumla hiyo hupaswa kufikishwa kwenye mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, wajibu huo ni wa kila mwajiri, hata yule mwenye wafanyakazi wasiofika watano. Muuguzi anayelipwa shilingi 600,000 hukatwa 30,000, mwajiri huongeza 60,000, na kwa mwaka akiba yake huwa 1,080,000. Fedha hizo hupita mikononi mwa mwajiri, lakini si zake.

Shangazi yangu alifanya kazi miaka sita katika kliniki moja. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha makato. Siku alipoomba taarifa ya akiba yake, alikuta miezi 14 haina kitu. Aliyeshika daftari alikuwa mpwa wa mwenye kliniki, kijana mpole ambaye, nijuavyo, hakuiba hata shilingi moja. Kila dawa zilipopungua stoo, mjomba wake alimwambia fedha za mfuko zingoje kidogo, naye akatii. Shangazi alipomwuliza, kijana aliinamisha kichwa akasema, "Mama, hayo muulize mjomba."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Kijana alikuwa mwaminifu, lakini uaminifu wake ulikuwa kwa mtu mmoja. Sifa ileile iliyompatia kazi ndiyo iliyomfanya ashindwe kuifanya. Daktari alipomwajiri, alijiepusha na hatari ya kuibiwa, akaihamishia kwa wauguzi ambao hawakuulizwa.

Plato alisimulia habari za pete ya Gyges, ambayo humfanya anayeivaa asionekane, kisha akauliza kama mtu mwenye pete hiyo angeendelea kutenda haki. Mlipaji wa mishahara ana pete ya aina hiyo. Anajua kila mtu anapata kiasi gani, nani ana mkopo, nani ameomba malipo ya mapema. Akikosea au akinyamaza, huenda kosa lisionekane mpaka mfanyakazi afike miaka 55 na kudai akiba yake. Tofauti na Gyges, kijana wetu hakuitumia pete kujinufaisha. Aliivaa ili kumficha mwingine. Je, hatia yake ni ndogo zaidi? Labda ni ndogo, lakini pengo katika akiba ya shangazi ni lilelile.

Mtu anaweza kunipinga kwamba hata mgeni ni mwajiriwa, ana kodi ya nyumba na ada za watoto, naye ataogopa kufukuzwa. Ni kweli. Kwa hiyo sisemi kwamba cheti huleta ujasiri. Ninachosema ni kwamba mgeni anayeijua sheria anaweza kumwambia daktari, "Tarehe 15 imekaribia na hizi si fedha zetu," bila kuonekana amevunja heshima ya mjomba. Kwa mpwa, kusema hivyo ni ugomvi wa ukoo.

Daktari anayetaka kutenda haki angeuliza swali moja zaidi katika usaili: "Nikikuagiza usipeleke michango mwezi huu, utafanya nini?" Kisha amwajiri anayekataa. Zaidi ya hapo, kila mfanyakazi ahimizwe kuangalia akiba yake, jambo ambalo leo linawezekana hata kwa simu, ili pete isimfiche mtu yeyote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shangazi yangu alikuwa na daftari. Alichokosa ni mtu wa kulitetea.