Kutazama ndege ni kuchukua?

Mvuvi wa Vitshumbi, pale kusini mwa ziwa Edouard, kila asubuhi anakuta marabu wanatembea mbele ya mlango wake polepole, kama wazee wa baraza. Wapelikani nao wako ufukoni, wanangojea matumbo ya samaki ambayo mama wanatupa. Mvuvi huyo hajasema hata siku moja kwamba anachunguza ndege. Anaishi nao tu. Halafu mgeni anafika na aparei yake ndefu kama mkono, anapiga foto mia moja, anarudi kwao. Je, amechukua kitu?

Wengi watajibu mbio: hapana, ndege iko palepale, hata unyoya haukupungua. Ni kweli kwamba tumetoka mbali. James Chapin, Mmarekani aliyezunguka Kongo kati ya 1909 na 1915, alijifunza ndege zetu kwa bunduki, kwa sababu wakati ule kumjua ndege njo kulikuwa kumuua na kumjaza pamba. Mwaka 1913, kule Avakubi katika Ituri, aliona unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji. Hakumpata mwenye unyoya mpaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji: ndege wawili wakavu, wameandikwa kuwa tausi wadogo wa Uhindi. Kumbe ni tausi wa Kongo! Mutu wa kofia angeulizwa vizuri, sijui kama miaka 23 ingepita.

Basi foto ni bora kuliko risasi. Lakini jibu la mbio halinitoshi. Mpiga foto akikaribia kiota, mama anaruka, mayai yanabaki kwenye jua kali au kunguru anayala. Hakuna damu mikononi mwa mutu, na vifaranga hawapo.

Kuna jambo lingine linalonisumbua zaidi. Hifadhi ya Virunga iliundwa 1925, na Vitshumbi iko ndani yake. Mpiga foto anamtafuta pelikani peke yake: anakata pirogi, anakata nyavu, anakata mama mwenye kisu. Anayeiona picha hiyo kule Ulaya anaamini ziwa ni tupu, na siku akisikia kuna wavuvi, wanakuwa wavamizi machoni pake. Sisemi wavuvi ni malaika. Wavu wa matundu madogo kwenye mazalio unaua chakula cha mutu na cha ndege pamoja. Lakini ubaya huo nao uonekane kwenye foto, tuusemee hapo.

Wazee wetu walitazama namna nyingine. Kwa Abagesera, nyamanza ni ndege ya ukoo, haiuawi. Anayemtambua anajua tayari deni lake kwake. Mwenye aparei anatambua majina mengi kuliko babu, pengine kwa Kilatini, na hadaiwi kitu. Hapo njo ninaona kuchukua: si kwa jicho, ni kwa kuondoka bila deni.

Mimi ningemruhusu apige, mbali na kiota, na mvuvi akikubali awemo. Kisha foto moja irudi kwenye karatasi, itundikwe pale samaki wanapouzwa, na chini yake nafasi tupu ili watu waandike wenyewe jina la ndege kwa Kinande, kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda.