Kimya cha Asiyeulizwa

Katika fikihi ya Imamu Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, ni kanuni mashuhuri kwamba mtu aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Na kadhi aliyejiwa na shahidi, na shahidi huyo akaketi kisha akainuka pasi na kutamka neno, hawezi kuandika daftarini kuwa dai limethibitika. Kanuni hii yawafaa mno wale waandikao programu za kompyuta kwa ajili ya sayansi, kwani katika majaribio yao ya kuipima programu mna mengi ambamo hesabu huitwa, ikatenda kazi yake hadi mwisho, wala pasiwe na mstari hata mmoja wa kuuliza kama jibu lililotoka ni sahihi. Na kompyuta, maadamu programu haikukwama, huweka alama ya kijani, kuwa jaribio limepita.

Lakini kutokwama si kusema kweli. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliochunguza maumbo ya protini walitangaza kuwa programu yao wenyewe ya kuandalia takwimu iligeuza chanya kuwa hasi, hata umbo likatoka pindu, la kulia likawa la kushoto. Na jumla ya makala 5 zilizokwisha kuchapishwa zikabatilishwa. Hesabu ilikwenda hadi mwisho, na majibu yakatoka.

Udhuru wa watafiti wasiouliza naujua: tunahesabu kwa kuwa jibu hatulijui, basi tulilinganishe na nini? Udhuru huo una uzito, ila hautoshi. Asiyejua mto utafurika kiasi gani anajua ya kuwa maji yaliyoingia hayana budi kulingana na yaliyotoka pamoja na yaliyobaki. Na aliandike hilo, pamoja na kiasi cha tofauti anachokiridhia, kwa kuwa kompyuta hukata desimali.

Mafakihi wa madhehebu hayo hayo wamekubali kimya cha bikira atakwapo idhini ya ndoa kuwa ni ridhaa. Lakini yeye ameulizwa. Na jaribio timamu vilevile hunyamaza likipita, ila kimya chake kimetanguliwa na swali, na kwa swali hilo ndipo kikapata maana. Basi, ewe mwandishi wa programu, fungua majaribio yako leo, na lolote lisilouliza kitu ama uliulizishe, ama ulifute, wala usilihesabu tena miongoni mwa mashahidi wako.